Sikiliza Wanavyoitana: Namna ya Kuitambua Tafsiri Bora ya Hadithi za Kibengali

Ukitaka kujua kama tafsiri ya riwaya ya Kibengali imeiva, usianze na ukurasa wa kwanza. Ukurasa wa kwanza kila mfasiri huuhangaikia kuliko kurasa zote, maana anajua mnunuzi atausoma akiwa amesimama dukani. Fungua katikati, tafuta mahali watu wanapogombana. Katika *Pather Panchali* ya Bibhutibhushan Bandyopadhyay, kwa mfano, tafuta pale Sarbajaya, mama wa nyumba, anapomfokea kikongwe Indir Thakrun, au pale jirani mwenye uwezo anapoingia uani kudai kwamba binti wa nyumba hiyo ni mwizi. Soma kwa sauti, kisha jiulize: nikiyafunika majina, nitajua nani mkubwa na nani mdogo? Nani ameolewa katika nyumba hii na nani amezaliwa humu? Nani anadai na nani anadaiwa? Ukiweza kujibu, mfasiri anaijua kazi yake. Ukisikia watu wawili wanaorushiana sentensi safi, za hadhi moja, basi kitabu hicho kimepoteza kitu ambacho hakuna maelezo ya chini ya ukurasa yatakayokirudisha.

Kibengali hubeba umri, udugu na cheo ndani ya sarufi yenyewe. Neno la kumwambia mtu "wewe" si moja, ni matatu. *Apni* ni la heshima: kwa mkubwa, mgeni, mwalimu, ofisa. *Tumi* ni la waliozoeana. *Tui* ni la mtoto, mdogo wako, mtumishi, rafiki wa utotoni. Na nyimbo za ibada humwita hivyo hivyo mungu mke Kali, kwa ukaribu wa mtoto anayemng'ang'ania mama yake. Kitenzi nacho hubadilika kulifuata neno hilo, kwa hiyo hakuna pa kujificha: mtu akifungua mdomo tu ameshajiweka mahali pake na kumweka mwenzake. Mwanamume anayemwambia mke wa jirani *apni* mwezi mzima, kisha siku moja akamwambia *tumi*, ameshasema jambo zito bila kulitaja. Kiingereza kina neno moja tu kwa wote hao. Ndiyo maana tafsiri nyingi za Kiingereza husikika kama wafanyakazi wa ofisi moja wanaozungumza, hata pale bibi mwenye nyumba anapomtimua mpishi wake.

Sisi hatuna nafsi ya pili ya aina tatu, lakini hatukosi pa kushika. Heshima yetu na dharau yetu vimekaa katika kuamkiana na kuitana: shikamoo iliyotolewa na iliyonyimwa, "Mama Fulani" badala ya jina, "mwanangu", "we mtoto", "bwana we", "hebu". Chukua mfano mdogo nilioutunga mwenyewe. Jirani mtu mzima amekuja kulalamika kuhusu maembe yake. Kwa Kibengali angemwambia mama wa nyumba *tumi*, angemrushia mtoto *tui*, na mama angemjibu kwa jina la udugu la kumtuliza. Tafsiri ya kwanza yaweza kuwa hivi: "Binti yako amechukua maembe yangu." "Hapana, hajayachukua. Unakosea." Hakuna kosa la sarufi hapo, na hakuna mtu pia. Tafsiri ya pili: "Mke wa mwalimu, hebu mwulize huyu mtoto wako maembe yangu kayapeleka wapi." "Shangazi, karibu kwanza ukae. Maembe gani tena?" Sasa tunamwona mkubwa aliyeingia bila hodi na mdogo anayetafuta muda wa kufikiri. Kazi ya *tumi* na *tui* imefanywa na "mke wa mwalimu", "huyu mtoto wako", "shangazi" na "karibu kwanza ukae". Mfasiri bora hamfukuzii mwandishi kiwakilishi kwa kiwakilishi. Anauchukua uzito wote kutoka mahali ulipokuwa katika Kibengali na kuutua pale ambapo Kiswahili hubebea uzito wa aina hiyo.

Kwenye majina ya udugu, msomaji wa Kiswahili anamzidi wa Kiingereza kwa mbali. Wabengali, kama sisi, hawachanganyi upande wa baba na upande wa mama. *Pishi* ni shangazi. *Mashi* ni mama mdogo au mama mkubwa. *Jyatha* ni baba mkubwa, na *kaka* ni baba mdogo. Ndugu wa kiume wa mama ni *mama*. Kaka mkubwa ni *dada*. Mtego unauona: maneno matatu ambayo mtoto wa Kiswahili huyajua kabla hajaota meno yamo katika Kibengali yakiwa na maana nyingine kabisa. Mfasiri wa Kiingereza anaweza kuliacha *dada* kama lilivyo, likawapa wasomaji wake ladha ya mahali. Mfasiri wa Kiswahili akifanya hivyo ameunda familia mpya.

Kibaya zaidi hutokea kwa anayetafsiri kutoka Kiingereza, na wengi wetu tutaletewa fasihi ya Kibengali kwa njia hiyo. Kiingereza kimeshawamwaga baba mkubwa, baba mdogo na mjomba katika neno moja. Mfasiri akikisia tu, mara nyingi ataandika "mjomba", maana ndilo neno linalomjia kwanza. Lakini nyumba ya mjomba huko Bengal ni mahali pa kudekezwa. Watoto hupelekwa huko wakala maembe na wasifokewe. Baba mkubwa ni mamlaka, ni mashamba ya pamoja, ni kesi ya urithi. Ukikuta katika tafsiri ya Kiswahili "mjomba" anayegawa ardhi ya marehemu ndugu yake, umekutana na mfasiri aliyekisia. Kitabu hicho kirudishe rafuni.

Kwa nini nimemchagua Bibhutibhushan kuwa kipimo? Kwa sababu hana pa kumfichia mfasiri dhaifu. Visa vyake havina fumbo la kumshika msomaji mkono. Watu wake ni maskini wa kawaida, na uzuri wote umo katika sauti na katika vitu vidogo. Alizaliwa tarehe 12 Septemba 1894 katika kijiji cha Muratipur, nyumbani kwa wajomba zake. Kwao hasa palikuwa Barakpur, karibu na Gopalnagar, upande wa mto Ichhamati. Baba yake, Mahananda, alikuwa msomi wa Kisanskriti aliyeishi kwa kazi ya *kathak*: kusimulia visa vya dini mbele ya watu, nao wakamlipa walichonacho. Mtoto alikua akisikia hadithi ikipandishwa na kushushwa kwa sauti ya mtu ambaye chakula cha nyumbani kilitegemea sauti hiyo. Alipata shahada yake Ripon College, Kolkata, mwaka 1918, akaishia hapo kwa ukosefu wa fedha. Alifundisha shule za vijijini, akazunguka kuhubiria chama cha kulinda ng'ombe, kisha akapelekwa Bhagalpur, Bihar, kusimamia mashamba na misitu ya tajiri mmoja. Huko ndiko alikoandika *Pather Panchali*, iliyotoka kwa mfululizo katika jarida la *Bichitra* mwaka 1928 na kuwa kitabu mwaka 1929. Hakuwahi kuwa mtu wa mjini. Alirudi kufundisha Gopalnagar, na alifariki Ghatshila tarehe 1 Novemba 1950. Mwaka uliofuata riwaya yake *Ichhamati*, yenye jina la mto wa kwao, ilipewa tuzo ya Rabindra.

Mtoto wa msimulizi huandika kwa sikio. Kwa hiyo jambo la pili la kulitazama, baada ya watu wanavyoitana, ni kama tafsiri ina tabaka mbili za sauti. Wakati ule Kibengali cha maandishi kilikuwa na mitindo miwili: *sadhu*, chenye vitenzi virefu na maneno mengi ya Kisanskriti, na *cholito*, kilicho karibu na mazungumzo. Katika *Pather Panchali* msimulizi anatumia *sadhu*, ilhali Sarbajaya, bintiye Durga na majirani wanaongea lugha ya uani. Msomaji wa Kibengali huhisi mpito huo kila alama ya mazungumzo inapofunguliwa: msimulizi amesimama wima na kilemba chake, kisha anaingia mama mwenye masizi mikononi. Tafsiri nyingi zimeziunganisha sauti hizo mbili zikawa moja ya katikati, laini, isiyo ya mtu yeyote. Kwa Kiswahili jambo hili linawezekana bila kujitia ukale. Msimulizi aandike Kiswahili kilichonyooka, chenye pumzi ndefu. Wahusika wakate maneno, waseme "kaenda" na "ntakuja", waape, wakoseane adabu. Ukisoma kurasa kumi na usione tofauti hiyo, mfasiri hakusikia tabaka mbili.

Lahaja ni mtihani mgumu zaidi, na hapa nina msimamo ambao si wote watakaoukubali. Manik Bandyopadhyay, katika *Padma Nadir Majhi* ya mwaka 1936, anawafanya wavuvi wa mto Padma waongee lahaja ya Bengal ya mashariki. Kishawishi cha mfasiri wa Kiswahili ni kuwapa Kipemba au Kiamu, kwa kuwa nao ni watu wa nyavu na vyombo. Nasema asifanye hivyo. Wakianza kuongea Kipemba, msomaji atauona Mkoani, hatauona mto wenye maji ya kahawia unaokula kingo zake kila msimu wa mvua. Awape sentensi fupi za watu wa kazi, msamiati kamili wa uvuvi, na sarufi iliyolegea kidogo. Hayo yanatosha kuwatenga na karani wa mjini bila kuwahamisha bara.

Kuna kasoro ambayo haionekani katika sentensi hata moja: kitabu kukosa kiungo. *Pather Panchali* ina sehemu tatu. Ya kwanza inamhusu Indir Thakrun, mjane aliyeozwa zamani kwa Brahmin wa tabaka la Kulin, wale waliokuwa na wake vijiji vingi, wakija mara moja moja kulala usiku na kudai malipo ya heshima yao. Ya pili ni utoto wa Apu na dada yake Durga katika kijiji cha Nischindipur, mpaka kifo cha Durga na siku familia inapohama. Ya tatu ni maisha ya mji wa Kashi: baba anafariki, mama anakuwa mpishi katika nyumba ya matajiri, na Apu anakitamani kijiji chake mpaka anaumwa. Tafsiri mashuhuri ya Kiingereza ya T. W. Clark na Tarapada Mukherji, iliyotoka mwaka 1968, inaishia kwenye treni inayowatoa kijijini. Sehemu ya tatu haimo. Watafsiri waliona hapo ndipo hadithi inapofungika vizuri, na filamu ya Satyajit Ray ya mwaka 1955 nayo ilikuwa imewazoesha watu wamalizie kwenye safari.

Kazi ya Clark na Mukherji naiheshimu. Mazungumzo yao yana watu ndani yake, na michezo ya watoto imetunzwa kwa upendo. Lakini kukata huko ni kosa kubwa. Jina la kitabu linataja njia, na ni katika kurasa za mwisho kabisa ambapo mungu wa njia anazungumza na Apu na kumweleza kwamba njia haikuishia kwenye mianzi ya kijiji chake. Ukiondoa kurasa hizo, unabaki na kitabu kinachosikitikia kijiji. Ukizirudisha, kijiji kinakuwa mwanzo wa mwendo. Hivi ni vitabu viwili tofauti. Kwa hiyo kabla ya kusifu tafsiri yoyote, angalia ukurasa wa haki na utangulizi: imesemwa kwamba kitabu ni kamili? Sehemu zimehesabiwa? Mfasiri mwaminifu aliyepunguza husema amepunguza nini. Anayenyamaza ndiye wa kumwogopa.

Tukiwa bado katika kitabu hicho, kuna mahali pamoja pa kumpima mfasiri kwa karibu. Aliyeiona filamu anakumbuka mkufu wa shanga unaozama dimbwini. Katika riwaya ni kikopo kidogo cha dhahabu cha kuwekea sindoor, ile poda nyekundu ambayo mke wa Kihindu huipaka kwenye mwanya wa nywele. Kilipotea katika nyumba ya jirani, Durga akashukiwa. Siku ya kuhama, dada yake akiwa ameshakufa, Apu anakikuta kimefichwa nyumbani mwao. Anakitupa katika kichaka cha mianzi wala hamwambii mtu. Bibhutibhushan hatuelezi kwamba Apu anailinda heshima ya marehemu. Mfasiri mwenye wasiwasi ataongeza neno moja la kutusaidia: "kwa siri", "kwa uchungu". Neno hilo moja linaharibu. Ukipata tafsiri mbili, zilinganishe hapo, uone ni ipi iliyomwamini msomaji.

Sasa chakula, ambako Kiswahili kinang'aa. Kibengali kina *dhan*, *chal* na *bhat*: mpunga, mchele, wali. Kiingereza kina neno moja, na katika tafsiri zake mtu huvuna, hununua na hula kitu kilekile. Katika *Aranyak*, riwaya ya mwaka 1939 iliyotokana na miaka ile ya Bhagalpur, tofauti hiyo ndiyo roho ya hadithi. Maskini wa msitu ule wanaishi kwa mbegu za nyasi, mahindi na unga wa dengu. Wanatembea mwendo mrefu wakisikia ofisi ya meneja itatoa wali, na mtu anasimulia kwamba miezi imepita tangu aonje wali mara ya mwisho. Mfasiri wa Kiswahili ana neno lenye mvuke tayari, na akiandika "mchele" badala ya "wali" mahali hapo, hakuna udhuru wa kumpa. Hata *panta bhat*, wali uliolala ndani ya maji ukachachuka kidogo, tunaweza kuukaribia: kiporo cha wali kilicholowekwa. Nani asiyekijua kiporo, na nani asiyejua kinaliwa katika nyumba ya namna gani?

Miti inahitaji bidii zaidi. Bibhutibhushan hasemi "maua" akiweza kutaja ua. Katika *Aranyak* yumo Jugalprasad, mtu asiye na kitu, ambaye hukusanya mbegu na miche ya maua kutoka mbali na kuipanda porini bila kumwambia yeyote, ili msitu upendeze tu. Mfasiri anayeandika "vichaka" na "mimea ya porini" kila mara amemdhulumu Jugalprasad kazi yake yote. Mti wa *tal* ni ndugu wa mvumo wetu. Mkwaju ni uleule, mfenesi ni uleule, mwembe ni uleule. Mmea ambao hatunao ubaki na jina lake la Kibengali, ukielezwa kwa rangi au harufu ndani ya sentensi mara ya kwanza, basi. *Aranyak* ya Kiingereza aliyoitafsiri Rimli Bhattacharya inafaa kusomwa na yeyote anayetaka kuona majina ya mimea yakitunzwa na kitabu kikasomeka.

Lipo pia suala la sauti. Kibengali kimejaa maneno ya kuigiza: mvua hunyesha *jhamjham*, na mshairi Tagore aliyathamini kiasi cha kuyaandikia makala. Kiingereza huyaonea haya, huyageuza kuwa vielezi vya kawaida. Sisi tunalala fofofo, giza letu ni totoro, na kitu cheupe ni cheupe pe. Tafsiri ya Kiswahili isiyo na tanakali hata moja katika kurasa ishirini za Bibhutibhushan imetoka Kiingereza moja kwa moja, hata kama jalada linadai vingine. Alama nyingine ya njia hiyo ni "mwanamke huyo" na "yule mwanamume" kila sentensi ya tatu. Kibengali hakitofautishi mwanamume na mwanamke katika nafsi ya tatu, kama sisi tusivyotofautisha. Kiingereza ndicho kilicholazimisha, na mfasiri mvivu akayabeba mazoea hayo mpaka kwetu. Nyakati nazo zitazame. Msimulizi wa Kibengali hutoka wakati uliopita akaingia uliopo katikati ya tukio, kisha akarudi. Bibi zetu husimulia hivyo hivyo: akaenda, akafika, anatazama, haoni mtu. Ukiona "ali-" ikipanga mstari kutoka mwanzo wa sura hadi mwisho, kuna mtu aliyenyoosha kisichohitaji kunyooshwa.

Kulainisha huku kuna historia. Rabindranath Tagore mwenyewe aliyageuza mashairi yake kuwa nathari ya Kiingereza, yakatoka London mwaka 1912 kwa jina la *Gitanjali*, na mwaka 1913 akapata tuzo ya Nobel. Aliondoa vina, akaondoa mizani, akabakiza sauti moja ya sala ambayo Ulaya ya wakati ule ilikuwa na kiu nayo. Baadaye alijuta kwa namna alivyoyatendea. Lakini mfano ulikuwa umeshawekwa, na kwa miaka mingi fasihi ya Kibengali ilitarajiwa iwe na upole wa uvumba. Kwa hiyo upole uliozidi uushuku, hasa kwa mwandishi aliyekuwa mkali.

Mkali kuliko wote ni Mahasweta Devi, aliyezaliwa Dhaka mwaka 1926 na kufariki Kolkata mwaka 2016. Aliishi na kupigania jamii za makabila yaliyosukumwa pembeni, na Kibengali chake hukusanya katika aya moja lugha ya polisi, ya magazeti, ya msituni na ya Mahabharata. Hadithi yake *Draupadi* ilitafsiriwa na Gayatri Chakravorty Spivak mwaka 1981, na mambo mawili katika tafsiri hiyo ni ya kuigwa. Maneno ya Kiingereza yaliyokuwamo katika Kibengali, yale ya ofisa wa jeshi na faili zake, aliyaandika kwa herufi za mlalo ili yasizame katika Kiingereza kilichoyazunguka. Na shujaa ana majina mawili: Draupadi kwenye karatasi za serikali, Dopdi kinywani mwa watu wake wa Kisantal; Spivak hakuchagua moja. Humo mna pia wimbo ambao ofisa anashindwa kuuelewa. Wimbo huo lazima umshinde msomaji pia. Mfasiri atakayeufasiri kwa wema amewapa wanajeshi ufunguo.

Kuna jambo ambalo hata mfasiri bora hawezi kulibeba lote, na namna anavyoshindwa hukuonyesha kiwango chake. Kwa Wabengali wengi, Mhindu huita maji *jol* na Mwislamu *pani*. Neno moja la kuomba kinywaji linaweza kumtambulisha mtu, na katika hadithi za kugawanywa kwa India mwaka 1947 linaweza kumuua. Sisi tuna "maji" tu. Mfasiri wa kawaida huweka maelezo chini ya ukurasa. Mfasiri hodari huweka alama hiyo mahali pengine: katika salamu, katika kiapo, katika jina la babu. Kibengali, hasa cha Waislamu, kina *khobor*, *dunia*, *kitab*, *hisab*, maneno ambayo msomaji wa Zanzibar atayapokea bila kuambiwa, kwa kuwa yana asili moja na yetu.

Na ukitaka ushahidi wa sikio, usidhani lazima uende Kolkata. Waswahili wa Muscat na Dubai wanafanya kazi na kuishi jirani na Wabangladeshi wengi. Mwombe mmoja anayependa kusoma akusomee ukurasa wa Kibengali, wewe ukiwa umeshika tafsiri. Hutaelewa maneno, lakini utasikia sentensi inapokuwa ndefu na inapokatika, mahali anapocheka, mahali anapopunguza sauti. Kama tafsiri yako haicheki palepale, weka alama kwa penseli.

Bibhutibhushan alituandikia na sisi, ingawa hakuwahi kufika kwetu. *Chander Pahar*, kitabu chake cha vijana cha mwaka 1937, kinamchukua Shankar, kijana wa kijijini Bengal, kutoka hatari ya kuwa karani wa kiwanda cha juti hadi kazi ya reli ya Uganda mwaka 1909. Anaanzia kambi ya ujenzi wa tawi la reli bara ya Mombasa, ambako simba anachukua watu kama walivyochukuliwa Tsavo mwaka 1898. Anakuwa mkuu wa kituo kidogo nyikani, analala chumba kimoja na nyoka. Kisha anakwenda kusini mno kutafuta almasi katika milima ya Richtersveld pamoja na Mreno aitwaye Alvarez. Mwandishi alieleza kwamba alitegemea maandishi ya wasafiri. Atakayekitafsiri kwa Kiswahili atakutana na jaribu ambalo mfasiri wa Kiingereza halijui: wasomaji wake wanaijua nchi hii kuliko mwandishi. Watajua kituo cha reli kinanukaje, na watajua kwamba bunyip, jitu linalolinda almasi hizo, ni wa hadithi za wenyeji wa Australia na hajawahi kukanyaga Afrika. Mkono utamwasha arekebishe, ampe jitu jina la kwetu, awapunguzie aibu Wamasai wanaopita katika hadithi bila kuulizwa jina. Asiguse. Arekebishe tahajia za majina ya mahali, basi, na mengine yote ayaseme katika utangulizi kwa jina lake mwenyewe. Afrika hii ilijengwa Bengal na mwalimu wa shule kutoka vitabu vya watu wengine, kwa ajili ya watoto ambao wasingepata nauli ya kufika hata Kolkata. Shankar aachwe aishi ndani yake, pamoja na bunyip.